Mtoto Asilale Seli ya Watu Wazima

Tangu Julai 2022, Kenya ina Sheria ya Watoto isiyomwachia afisa yeyote kisingizio. Ilipandisha umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12, na aliye chini ya miaka 14 huchukuliwa kuwa hawezi kupambanua jema na baya mpaka mahakama ithibitishiwe vinginevyo. Kabla yake, Kifungu cha 53 cha Katiba kilikwisha kuagiza kwamba mtoto asizuiliwe ila pale hatua nyingine zote zimeshindikana, na akizuiliwa iwe kwa muda mfupi, mbali na watu wazima.

Kilichobaki ni utekelezaji, na hapa Machakos kazi hiyo ina wenyewe.

Wa kwanza ni polisi, maana kituoni ndiko mambo huharibikia. Kijana ameshikwa Ijumaa jioni karibu na stendi ya mabasi. Cheti cha kuzaliwa hana, simu ya mama haipatikani. Askari wa zamu akiona ndevu zimeanza kuchomoza akaandika miaka 18 kwenye kitabu cha matukio (OB), kwa kalamu hiyo moja mtoto amegeuzwa mtu mzima. Atalala na watu wazima, na hakimu akimnyima dhamana atapelekwa gerezani, ilhali mji huu una mahabusu ya watoto. Daktari anaweza kukadiria umri kwa kukagua meno na mifupa, lakini kama agizo hilo linasubiri Jumatatu, usiku wenyewe umeshapita na lolote lililomfika seli halifutiki. Hatukubali. Umri ukiwa na shaka, ahesabiwe mtoto. Mzazi, chifu au mwalimu wake atafutwe usiku huohuo, na afisa wa watoto apokee simu hata wikendi.

Mwendesha mashtaka naye ana wajibu. Sheria inaruhusu mtoto aliyekiri kosa dogo kwa hiari yake aonywe, aombe msamaha, alipe fidia au apewe ushauri nasaha bila kufunguliwa kesi. Njia hiyo itumike kwanza. Wapo watakaosema huku ni kuwadekeza wahalifu. Kaunti hii ilizika wanafunzi 67 wa Shule ya Sekondari ya Kyanguli waliokufa bweni lao lilipochomwa Machi 2001. Hakuna wa kutufunza uzito wa jinai. Makosa makubwa yaende mahakamani, mtoto akiwa na wakili wa kumtetea, na kesi isikokotwe mpaka mshtakiwa aote mvi za mawazo.

Kisha kuna kurudi nyumbani, jambo ambalo halizungumzwi. Mvulana aliyepelekwa shule ya urekebishaji ya Wamumu au borstal ya Shikusa hurudi Mlolongo au Masinga akikuta umaskini uleule, lori lilelile la mchanga likisubiri vijana wa kulipakia. Serikali ya kaunti isitupe mpira Nairobi: Jedwali la Nne la Katiba liliikabidhi vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kutunzia watoto. Vijana hawa watengewe nafasi katika vyuo hivyo, waingie bila kudaiwa karo. Bajeti ijayo ikifikishwa katika bunge la kaunti, wawakilishi wadi wasiipitishe kabla ya kuona fungu la karo, vifaa na malazi yao, likiwa na kiasi chake na ofisi itakayoulizwa.