Rubisi Haidaiwi Uzee

Imeandikwa kwamba kinywaji kisichozeeka hakina hadhi, kwa hiyo rubisi, pombe ya ndizi ya Bukoba na Muleba, haina cha kuonjwa mbele ya divai kuukuu ya Syrah. Hoja hii inachechemea tangu hatua ya kwanza.

Syrah huzeeka kwa sababu ina tanini, asidi na kilevi cha kutosha. Chupani tanini huungana, ukakasi hulainika, zambarau hugeuka rangi ya tofali. Hiyo ni kemia, si cheo. Tena divai nyingi duniani hutengenezwa zinywewe mapema. Nazo tuzivue hadhi?

Ila kusema rubisi haina cha kuonjwa ni kutoijua kabisa. Ndizi mbivu hukamuliwa kwa miguu na nyasi, juisi hutiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, kisha huachwa ichache kwa siku moja hivi. Chachu ingali hai, basi ladha haitulii: utamu unapungua, ukali unapanda, moshi wa mtama unajitokeza, uchachu unanyemelea. Mwonjaji wa Syrah akichelewa mwezi hapotezi kitu. Wa rubisi kule Kamachumu, Muleba, akichelewa siku mbili, anakunywa siki.