Himaya, Milki na Utemi: Msamiati wa Utekaji katika Filamu za Vita vya Kale

Tafsiri ya tamthiliya na riwaya imejadiliwa kwa kirefu na wataalamu wa Kiswahili. Tafsiri ya mdomo, ile ambayo msimulizi huiweka juu ya sauti ya filamu ya kigeni, imeachiwa wanaanthropolojia. Makala ya Matthias Krings ya mwaka 2010, ambayo jina lake laifananisha kazi hiyo na kugeuza wali kuwa pilau, ni miongoni mwa machache yaliyoandikwa, na wengi wanaomfahamu Derek Gaspar Mukandala, yaani Lufufu, wamemfahamu kwa masikio tu. Ni ajabu kwamba idara zinazofundisha nadharia za tafsiri zimewapita wasimulizi hawa kama kwamba wanatumia lugha nyingine.

Tuchukue Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu tangu mkoa huo ulipoundwa mwaka 2012. Kijana wa huko huzungumza Kisukuma nyumbani, hujifunza Kiswahili shuleni, na katika banda la video hukutana na Warumi, Wagiriki na Waajemi wa filamu kama Gladiator (2000), Troy (2004), Alexander (2004) na 300 (2006). Kwake filamu hizo si burudani tupu. Ni somo la historia ya dunia, na pengine ndilo somo la pekee kuhusu dola za kale atakalolisikia kwa Kiswahili kinachomvutia. Kwa hiyo swali la ni maneno gani anayopewa si dogo.

Neno lililozoeleka kwa dola iliyoteka mataifa mengine ni himaya. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni ulinzi. Zanzibar ilipowekwa chini ya Waingereza mwaka 1890 ilisemwa kuwa iko katika himaya yao: mkubwa amemkinga mdogo, angalau kwa maneno. Neno hilohilo linapobandikwa kwa Roma, kwa Aleksanda au kwa Waajemi, mtazamaji anaona miji ikichomwa na wanawake wakifungwa minyororo, huku sikio likiambiwa habari za ulinzi. Wako watakaojibu kwamba maana za maneno hupanuka na kwamba asili ya neno haimfungi msemaji wa leo. Ni kweli. Lakini himaya ingali inatumika kwa maana yake ya kwanza katika lugha ya sheria na ya siasa, na neno lenye maana mbili hai humsaidia mtekaji zaidi kuliko mtekwa.

Wala si kwamba Kiswahili kilikosa neno. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alipotunga utenzi juu ya uvamizi wa Wajerumani katika Mrima, kitenzi kilichomo katika jina la utenzi huo ni kutamalaki. Kimetokana na shina lilelile lililozaa milki na malkia, na hakimfichi yeyote: mtu ametwaa kisichokuwa chake na kukifanya chake. Kabla ya hapo, mwaka 1728, Mwengo wa Athumani wa Pate alikuwa amekwisha kutunga Utenzi wa Tambuka, ambamo majeshi ya Waislamu yanapambana na ya Herakliusi, mtawala wa Rumi. Washairi wa pwani walikuwa wakisimulia vita vya madola makubwa karne mbili kabla Hollywood haijafikiria kuvirekodi kwa sauti. Naye Julius Nyerere, katika tafsiri yake ya Shakespeare ya mwaka 1963 aliyoirekebisha mwaka 1969, aliithibitisha Roma ya Kiswahili. Kaizari si mgeni tena. Hata jina Waajemi lina uzito wake, kwa kuwa pwani ina watu wanaojiita Washirazi. Msimulizi anayesema Wapersia amewakata wasikilizaji wake na jamaa za watu wao bila kujua.

Upande wa bara mambo ni mazito zaidi. Mtawala wa Kisukuma ni ntemi, na maelezo yaliyozoeleka hulihusisha jina hilo na kitenzi kutema, yaani kukata, ambacho Kiswahili nacho kinacho katika kutema kuni. Ntemi ni mwana wa aliyefyeka msitu wa kwanza, au mkata mashauri. Alidaiwa mvua na mavuno, na mvua ilipogoma angeweza kuondolewa. Kumwita Agamemnoni au Zaksi mtemi, kama ambavyo msimulizi angeweza kufanya ili aeleweke upesi, ni kumkabidhi mvamizi heshima ya mfyekaji. Kumwita mfalme ni salama zaidi, ingawa ni baridi. Kinyume chake, neno ikulu, ambalo Kiswahili kimelipokea kutoka Kinyamwezi na Kisukuma, lingefaa kabisa kwa jumba la Priamu wa Troya, maana humo mzee anakaa na watu wake akingoja kuvamiwa. Wanyamwezi wanaujua mkasa wa namna hiyo: Isike wa Unyanyembe aliangushwa na Wajerumani ndani ya boma lake mwaka 1893.

Lawama haiwaendei wasimulizi. Wao hufanya kazi kwa kasi, bila kamusi, wakigombea masikio ya watu wanaotaka kujua steringi atapona au la. Tena mara nyingi huthubutu pale kamusi zinapoogopa. Udhaifu uko vyuoni, ambako istilahi za historia zimesanifiwa kwa ajili ya vitabu vya kiada, na suala la nani anatazama kutoka ndani ya ngome na nani kutoka nje yake halikuulizwa.

Jambo moja halifai kuahirishwa. Kanda na diski za usimulizi huu zilitengenezwa nje ya taratibu za hakimiliki, ambazo Tanzania ilizitungia sheria mwaka 1999, na kwa sababu hiyo hakuna maktaba iliyokuwa na wajibu wa kuzihifadhi. Kanda huota ukungu, diski hukwaruzika. Mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada angeweza kuanza Bariadi, kwa kukusanya usimulizi wa filamu moja tu, Troy kwa mfano, na kuorodhesha kila neno lililotumika kwa mtawala, mateka na mji uliotwaliwa. Kazi hiyo yahitaji daftari, kinasa sauti, na mtu anayekijua Kisukuma.