Mzaha si Jawabu



Twasikia mara nyingi, hata katika baraza za ofisi zetu, ya kuwa katika mabishano ya uchaguzi mshindi ni yule aliyewachekesha watu. Sisi twayakataa maneno hayo.

Mfano usifiwao sana ni wa Marekani. Tarehe 21 Oktoba 1984, mjini Kansas City, Rais Ronald Reagan, mwenye miaka 73, alibishana na Walter Mondale. Wiki mbili kabla ya hapo, huko Louisville, Rais alikuwa ametatizika katika maneno yake. Basi mwandishi wa gazeti akamkumbusha kwamba Rais Kennedy, katika hatari ya makombora ya Cuba mwaka 1962, alikaa siku kadhaa karibu bila usingizi. Je, yeye angaliweza? Reagan akajibu kwamba hapana shaka hata kidogo, kisha akasema hatautumia ujana wa mpinzani wake, wala uchache wa maarifa yake, kwa faida ya siasa. Watu wakaangua kicheko, na Mondale naye akacheka. Na “kijana” huyo alikuwa na miaka 56, amekwisha kuwa seneta na makamu wa rais! Tarehe 6 Novemba Reagan alishinda katika majimbo 49 kati ya 50.

Hatusemi kwamba alishinda kwa mzaha huo tu. Twasema swali lilifia pale pale, maana mtu akisha kucheka amekwisha kusamehe, na mwenye kulirudia swali huonekana mkorofi.

Sisi makarani twalijua jambo hili kupita wengine. Mkaguzi akituuliza zilipo shilingi ishirini za stempu, nasi tukamjibu kwamba kwa heshima hatutautaja ujana wake, je, ataandika kuwa fedha zimeonekana? Ofisi nzima itacheka, labda na mkaguzi pia, kisha tutashtakiwa. Iweje basi mtu aombaye kukabidhiwa hazina ya nchi nzima aulizwe kwa upole kuliko karani wa stempu?

Yuko atakayesema kwamba mzee aliyejibu vile papo kwa papo amekwisha kuonyesha kuwa akili yake ni nzima. Hoja hiyo ina nguvu kidogo. Lakini swali lilikuwa juu ya kukesha siku kadhaa, si juu ya wepesi wa ulimi kwa dakika moja. Mwanachama ashikaye kwamba Reagan alijibu, na atuandikie kabla ya toleo lijalo, atuonyeshe ni neno gani katika mzaha ule lililohusu usingizi.