Programu bandia za kompyuta: mnunuzi naye hayumo salama

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilipositisha masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10, wenye kompyuta kuukuu wamebaki njia panda, kwa kuwa nyingi za mashine hizo haziwezi kupokea Windows 11 kwa njia rasmi. Katika nchi jirani, suluhisho la haraka linajulikana. Mashine hupelekwa kwa fundi, naye "huipiga" Windows kutoka kwenye flashi, akaongeza programu za ofisi na za kuhariri picha, kwa malipo ya ufundi peke yake. Leseni haipo, na aghalabu risiti pia haipo.

Wengi huamini kwamba katika biashara hiyo mwenye kosa ni muuzaji tu. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 haisemi hivyo. Kifungu chake cha 38 kinataja kutengeneza na kuuza nakala haramu, lakini kinataja pia kuwa nayo kwa matumizi yasiyo ya binafsi na ya nyumbani. Kwa hiyo mwanafunzi aliye chumbani kwake na mwenye duka la uchapaji hawapimwi kwa mizani moja: huyu wa pili anajipatia riziki kwa nakala hiyo, naye anaweza kushtakiwa kwa jinai. Hata hivyo mwanafunzi hajatakaswa. Kunakili programu bila idhini kunabaki kuwa uvunjaji wa haki ya mwenyewe, ingawa ni nadra kampuni kubwa kumfuata mtu mmoja mmoja. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1999 na ile ya Uganda ya mwaka 2006 nazo zinailinda programu ya kompyuta kama kazi ya mtunzi.

Wapo wanaotoa hoja kwamba nchi maskini zaidi zimepewa na Shirika la Biashara Duniani muda hadi tarehe 1 Julai 2034 kabla ya kulazimika kutekeleza mkataba wa haki miliki. Hoja hiyo ni nusu ya ukweli. Muda huo wamepewa watunga sheria, si wanunuzi. Bunge likishapitisha sheria, raia huhukumiwa kwayo. Kenya, ambayo haimo katika kundi hilo, haina hata nafasi hiyo.

Ukubwa wa jambo lenyewe haubishaniwi sana. Muungano wa watengenezaji wa programu, BSA, ulikadiria kwamba mwaka 2017 asilimia 74 ya programu zilizowekwa katika kompyuta nchini Kenya hazikuwa na leseni, wakati wastani wa dunia ulikuwa asilimia 37. Takwimu hizo zimetolewa na wenye mali, na zinafaa kusomwa kwa tahadhari hiyo.

Lakini hatari iliyo karibu zaidi na mnunuzi haitoki mahakamani. Ili programu iliyoibwa ikubali kufanya kazi bila leseni, huhitaji kijiprogramu cha kuvunja kufuli, na maelekezo yake mara nyingi huanza kwa kumtaka mtumiaji azime kinga ya virusi. Anayetii amemfungulia mlango mgeni asiyemjua. Kirusi kiitwacho STOP, au Djvu, kilienea kwa njia hiyohiyo: kilifichwa ndani ya vijiprogramu vya aina hiyo, kikafunga mafaili ya watu kwa msimbo na kudai fidia. Oktoba 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa bure zana ya kuyafungua mafaili yaliyoathiriwa na aina 148 za kirusi hicho, ila si kila mwathirika aliyeweza kusaidiwa.

Hasara hiyo huwa nzito pale kompyuta inapobeba mambo ya watu wengine. Zahanati yenye majina na maradhi ya wagonjwa, au shule yenye matokeo ya mitihani, haipotezi mali yake peke yake. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Tanzania ikafuata mwaka 2022. Itakuwa vigumu kwa mkuu wa taasisi kudai kwamba alichukua tahadhari ya kutosha iwapo kinga ilizimwa kwa makusudi.

Hapo ndipo bei inapoingia. Windows 11 ya matumizi ya nyumbani huuzwa rasmi Marekani kwa dola 139, fedha ambazo kwa walimu wengi wa kanda hii ni sehemu kubwa ya mshahara wa mwezi. Njia halali isiyo na gharama ipo, nayo si ngeni: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Leo LibreOffice na Ubuntu hupatikana bure, na Ubuntu hufanya kazi hata kwenye baadhi ya mashine ambazo Windows 11 imezikataa. Kikwazo ni mazoea, pamoja na nyaraka za Word ambazo wakati mwingine hupoteza mpangilio zikifunguliwa humo. Fundi hapungukiwi kitu kwa kuziweka, maana malipo yake ni ya ufundi. Ni wateja wachache tu wanaomwomba afanye hivyo.