Chungulia Hiyo Spamu, Haikuli

Wasee, tuache kutishana eti ukichungulia tu imeili ya spamu, umekwisha. Kuna wakati ilikuwa kweli. Mwaka 1999 kirusi cha BubbleBoy kiliingia kwa kompyuta mtu akitazama tu ujumbe ndani ya Outlook Express, bila kufungua kiambatisho chochote. Na Machi 2023 Microsoft waliziba tundu kwa Outlook ya Windows ambalo halikungoja hata uchungulie. Sasa niambie, hapo uoga ungekusaidia na nini? Dawa ilikuwa apdeti, ile unayoahirisha kila siku ndio ubakishe bando za TikTok.

Kwa Gmail, picha za spamu hazifunguki hadi uruhusu. Usiruhusu. Kapicha ka pikseli moja, hata hukaoni, kanaweza kumwambia aliyetuma kwamba hii anwani iko na mtu. Linki usiguse. Kiambatisho usiguse. Lakini kusoma maandishi? Soma!

Nakasirika kwa sababu barua za intavyuu huangukia huko. Msee ametuma maombi ya kazi hadi amechoka, jibu linakuja, linalala kwa spamu, na yeye anaogopa kuangalia. Halafu huyo huyo anabofya "umeshinda bando za bure" kwa WhatsApp kwa sababu imetoka kwa shangazi. Aki!

Ingia huko leo. Angalia anwani yote ya aliyetuma, hadi kinachofuata ile @, si jina tu. Na usikawie, Gmail hufuta za huko baada ya siku 30.