Mkimbiaji Aruhusiwe Kubeba Maji Yake

Wapo walimu wa michezo ambao hadi leo humwona mkimbiaji aliyejifunga kiunoni mkanda wenye chupa ya maji kuwa ni mtu legelege. Sisi hatukubaliani nao.

Katika Mkoa wa Songwe mazoezi ya mbio ndefu hufanyika barabarani. Kijana atokaye Tunduma kuelekea Vwawa hupita pembezoni mwa barabara kuu ya TANZAM, kando ya malori yangojayo kuvuka mpaka kuingia Zambia. Hakuna meza ya maji inayomngoja huko. Wakati wa kiangazi upepo wa nyanda za juu ni mkavu, na jasho hukauka kabla mwenyewe hajalihisi. Hudhani hakupoteza kitu.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wana shida ya namna nyingine. Kwao hewa ina unyevu mwingi. Jasho hutiririka bila kukauka, na mwili haupoi upesi. Wao pia huhitaji maji njiani.

Madai kwamba kubeba maji ni kuvunja kanuni hayana msingi. Kanuni za riadha za kimataifa humruhusu mshindani kuyabeba mkononi au mwilini, mradi ameanza nayo mbio au ameyapata katika kituo rasmi. Katika marathoni vituo hivyo huwekwa takriban kila kilomita 5. Ndugu Alphonce Simbu, aliyetwaa ubingwa wa dunia mjini Tokyo mwaka 2025, alikuwa na meza za maji njiani. Mwanafunzi wa Tunduma hana.

Chupa ya nusu lita ikijaa haipungui nusu kilo. Ikishikwa mkononi huvuruga mwendo wa mikono. Kiunoni hutulia, ikiwa mkanda umekazwa. (Uliolegea hurukaruka na kuchubua ngozi, hilo hatulifichi.) Wala hapana haja ya kuagiza mikanda hiyo ng'ambo: fundi ashonaye mabegi ya turubai sokoni aiweza.

Kwa hiyo tunawaomba maafisa michezo, Bara na Visiwani, watakapotenga fedha za jezi watenge na za mikanda, na wawaagize walimu wasimzuie mwanafunzi anayeivaa mazoezini. Na chupa zijazwe maji yaliyochemshwa, kabla vijana hawajaondoka shuleni.