Minyoo siyo dawa ya pumu, jamani!

Wasomaji wangu, leo nina dukuduku. Juzi nilikuwa kijiweni Shanwe, hapa Mpanda, napata kahawa. Jamaa mmoja, msomi kabisa, akatangaza kwamba mwanawe hatameza tena dawa za minyoo shuleni. Kisa? Kasoma mtandaoni kwamba minyoo inakinga pumu, eti ndiyo maana wazee wetu hawakuwa na aleji. Wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Nikakaribia kumwaga kahawa.

Tusidanganyane, hoja hiyo haikuokotwa jalalani. Mnyoo hauwezi kuishi mwilini miaka bila kuipoza kinga ya mwili, na kinga iliyopozwa huenda isishtuke ovyo ikikutana na vumbi. Mwaka 2000 watafiti walikuta huko Gabon kwamba watoto wenye kichocho hawakuwa na mzio sana wa vijidudu vya vumbi walipopimwa kwenye ngozi. Entebbe nako, utafiti wa 2011 ulionyesha watoto wachanga wa akina mama waliomeza albendazole wakiwa wajawazito walipata ukurutu zaidi. Haya, nimekubali.

Sasa twende visiwa vya Koome, Ziwa Victoria upande wa Uganda. Vijiji 26, miaka mitatu. Vingine vilipewa dawa za minyoo kwa wingi, vingine dozi ya kawaida. Matokeo yalitoka 2018: minyoo ilipungua zaidi kwenye dawa nyingi, lakini kubanwa kifua na mzio havikuongezeka. Nottingham, Uingereza, ndiyo kituko: wagonjwa wa pumu waliambukizwa safura kwa makusudi, na ripoti ya 2010 haikuonyesha nafuu ya maana.

Halafu minyoo siyo mmoja! Ile mikubwa ya mviringo, wachanga wake hupita kwenye mapafu kabla ya kurudi tumboni, na tafiti kadhaa zimeihusisha na pumu kuongezeka, siyo kupungua. Safura yenyewe inanyonya damu. Mtoto anasinzia darasani, mwalimu anamwita mvivu, kumbe damu imeisha. Hiyo ndiyo kinga tunayomtakia?

Nikamuuliza yule bwana nyumbani wanapikia nini. Kuni, akasema, na msimu wa mvua wanapikia ndani, mtoto akifanya homuweki palepale. Kuhusu moshi hakuwa amesoma kitu.

Siku ya dawa shuleni ikifika nitapita tena kijiweni nimuulize.